Mtu mnene na kiti: tumpatie ama tunyamaze?

Leo sina habari ya barabara wala ya bei ya unga. Leo nitaongea juu ya mwili wangu. Wengi wenu mnajua sauti yangu tu. Wale wanaonijua kwa macho wanajua kwamba mimi ni mwanamke mnene, na si mnene kidogo.

Sababu ya kuandika ni ulizo moja. Kijana mmoja anayepakia watu kwenye magari ya Uvira alitupigia simu mwishoni mwa kipindi. Akasema: "Mama, nikiona mtu mnene amesimama, nimpatie kiti ama ninyamaze? Nikimpatia atasema namtukana. Nisipompatia, watu watasema sikulelewa." Nilicheka kidogo, nikamjibu kwamba cha lazima ni kuheshimiana, kisha tukaweka muziki. Nyote mlisikia kwamba sikumjibu. Kijana aliuliza jambo la kweli, na mimi nilikuwa na jibu ambalo sikutaka kulitoa hewani, kwa sababu lilitoka kwenye siku ninayoionea haya. Nitaieleza siku hiyo hapa.

Ilikuwa kwenye uwanja wa shule moja hapa Sange. Kamati ilikuwa inaandika majina ya familia za wahami. Tangu Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na kuteremka mpaka Kamanyola, watu wengi wa Kamanyola, Katogota na Luvungi walifuata barabara hii yetu kuja chini. Wengine walivuka mto Ruzizi wakaenda Cibitoke kule Burundi. Wengine waliishia hapa, kwa ndugu, makanisani na ndani ya madarasa. Mimi nilikwenda na mashine yangu ya kurekodi ili kuchukua sauti za watu.

Jua la bonde letu mnalijua. Saa nne asubuhi mchanga ulikuwa tayari unachoma kandambili. Mstari ulikuwa mrefu, na kivuli kilikuwa kimoja tu, cha mwembe ulio karibu na ofisi. Chini ya ule mwembe waliweka benchi moja ya darasa kwa ajili ya wazee. Wazee waliitwa wa kwanza, wakaandikwa, wakaenda zao. Benchi ikabaki.

Kijana mmoja, labda wa miaka 16, aliyekuwa anasaidia kamati, aliniona nimeegemea mti. Akaivuta ile benchi mpaka karibu yangu, akasema kwa sauti kubwa: "Mama redio, kuja ukae! Weye uko mzito, ukianguka hapa tutakosa watu wa kukubeba!" Watu wakacheka. Sisemi kwamba alikuwa mtoto mbaya. Kati ya watu wote wa uwanja ule, yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba nimechoka, na ndiye aliyetumia mikono yake kunivutia benchi. Lakini kicheko kilifika kabla ya benchi. Na mimi nikacheka, kama ninavyocheka kila mara, nikamwambia: "Asante mwanangu, niko sawa." Nikabaki nimesimama. Magoti yalikuwa yananiuma sana, lakini kukaa wakati ule kungekuwa kama kukubali yote aliyoyasema.

Ndani ya mstari, watu kumi hivi kutoka pale niliposimama, kulikuwa na mama mmoja mnene kama mimi, ila mwenye umri kuliko mimi. Alikuwa na kikwembe cha buluu kilichopauka, na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kamba za kandambili zilikuwa zimezama ndani ya nyama. Aliitazama ile benchi. Niliona kwamba anaitazama. Nyuma yake mwanamke mwingine akasema, bila kunong'ona: "Na huyu naye amekuja kutafuta chakula? Si ako na akiba mwilini!" Watu wakacheka tena. Kicheko kilikuwa kilekile.

Ningeweza kumwita. Maneno matatu yangetosha: "Mama, kuja ukae." Sikuyasema. Nilijiambia kwamba nikimwita, nitakuwa nimemwonyesha mbele ya watu kwamba ni mnene, nitamfanyia kile nilichofanyiwa sasa hivi. Kwa hiyo mimi, ambaye pale uwanjani ndiye niliyejua vizuri miguu ile ilikuwa inasema nini, nilinyamaza. Benchi ilikaa kivulini bila mtu, zaidi ya saa moja, kati ya wanawake wawili wanene waliosimama juani.

Karibu na saa sita yule mama alitoka kwenye mstari, akaenda kuketi chini, kando ya ukuta wa darasa. Alipumzika kidogo. Aliporudi, waliomfuata walimwambia kwamba ameacha nafasi yake. Wakamrudisha mwisho. Saa tisa kamati ikafunga daftari. Jina lake halikuandikwa siku hiyo.

Nilirudi nyumbani na sauti nzuri kwenye mashine yangu, na habari ikapita jioni. Yule mama hakuwemo ndani ya habari.

Sasa niwaeleze kidogo namna ya kuishi ndani ya mwili huu, ili mjue kwa nini nilinyamaza.

Sikuzaliwa mnene. Nilipokuwa sekondari waliniita Fimbo. Baada ya masomo ya uandishi wa habari, na baada ya kuzaa, mwili ukaanza kuja. Kilo za kwanza zilinileteaga sifa tu. "Umependeza! Bwana anakutunza!" Kwetu huku mtu akikonda, watu wanauliza kama ni ugonjwa ama ni shida za nyumbani. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ambayo mtu aliyekonda alisemwa ana UKIMWI, hata kama ni malaria ilimshika. Mtu akinenepa, wanasema anakula vizuri, ana amani. Kuna dada zetu wanaonunua sokoni vidonge vya kuleta mwili. Mara nyingi ni deksametazoni ama siproheptadini, dawa zilizotengenezwa kwa magonjwa mengine kabisa. Deksametazoni ikimezwa ovyo inaweza kupandisha sukari na presha, na mtu akizoea, kuiacha ghafla kuna hatari. Mimi sikuvimeza, lakini niliwasifu waliovimeza. Hilo pia ni kosa langu.

Kisha sifa zikaisha. Hakuna aliyeniambia siku ya kuisha. Mwaka mmoja ni "umependeza", mwaka unaofuata ni "weye, punguza". Leo nina kilo 112, na urefu wangu ni mita 1 na sentimita 62. Muuguzi alinionyesha hesabu yake: unachukua kilo, unagawanya kwa urefu, unagawanya tena kwa urefu. Kwangu inatoka karibu 43. Ikifika 30, Shirika la Afya Duniani linasema ni unene wa kupindukia, na linauhesabu kuwa ugonjwa wa kudumu, kama presha. Shirika hilohilo linasema kwamba mwaka wa 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa anaishi nao. Basi siko peke yangu, ingawa ndani ya gari la Uvira ninakuwa peke yangu kabisa.

Kwenye gari mnajua tunavyopakiwa: wanne nyuma, wawili mbele kando ya dereva. Nikifika, mpakiaji ananitazama, kisha anatazama kiti, kisha ananitazama tena. Kulipa viti viwili sikatai. Ninajua nafasi ninayochukua, na mama anayekaa kando yangu naye ana haki ya kupumua. Kinachoniumiza ni kutangazwa. "Huyu ni wawili! Huyu ni wawili!" parkingi nzima inasikia. Na mara nyingine, baada ya kulipa viwili, wananiambia nisogee kidogo mtoto wa shule aingie. Wamotari, wengine wananipita kama hawakuniona nikiinua mkono. Mmoja alikuwa na adabu, alisimama, akaniambia: "Mama, unisamehe sana, hii moto bado naililipia deni." Yule sikumkasirikia. Alisema shida yake, hakusema mwili wangu.

Kwenye kilio kimoja walinipa kiti cha plastiki, kile cheupe chenye mikono. Nilijua hakitanibeba, lakini nani anakataa kiti mbele ya marehemu? Nilikaa nusu, uzito wote juu ya mapaja yangu, karibu saa nzima. Nilipoinuka, kiti kikainuka pamoja nami. Nilipokitoa, mguu wake ukakatika. Watu walicheka mbele ya jeneza, wakaficha midomo kwa vikwembe. Toka siku hiyo, nikiingia pahali, kitu cha kwanza ninachotazama ni viti. Natazama miguu yake, natazama kama vina mikono, ndipo ninasalimia watu.

Na kuna ile ya mimba. Kwenye kituo cha afya, mwanamke mmoja aliinuka akasema: "Mwacheni mama akae, ana mzigo." Nikakaa. Akaniuliza: "Ni miezi mingapi?" Nikamjibu: "Sita." Nilidanganya kwa sababu ukweli ungeninyang'anya kiti, na goti halikuwa na nguvu ya ukweli siku hiyo. Akaniombea Mungu. Miezi mingi baadaye tulikutana sokoni, akaniuliza: "Mtoto hajambo?" Nilikosa jibu, nikatazama chini. Akafikiri mtoto alikufa. Akanishika mkono kwa muda mrefu, akanipa pole, machozi yakamlengalenga. Niliipokea pole ya mtoto ambaye hajawahi kuwa tumboni. Mpaka leo nikimwona ninapita njia nyingine.

Mnaona basi. Kiti kimenijia na kicheko, kimenijia na uongo, kimenivunjikia mbele ya watu. Ndiyo sababu niliogopa kumpatia mwenzangu.

Lakini kuogopa kwangu hakukumsaidia yule mama. Baada ya siku tatu nilimtafuta. Nilimpata kwenye nyumba ya familia moja iliyompokea yeye na watoto wake, kwenye chumba cha nyuma kilichozibwa kwa shitingi. Ndani kulikuwa na mkeka, sufuria mbili, bidoni ya maji, na kiti kimoja kidogo cha mbao, kile cha kukalia mtu akipika. Kabla sijasema jina langu, kabla hajajua nimeleta nini, alikisukuma mbele yangu kwa mguu: "Karibu kiti, dada." Yeye akabaki kwenye mkeka.

Nikakaa. Kilikuwa kifupi lakini kigumu, kilinibeba. Hapo nikamwambia mimi ni nani na kwamba nilimwona siku ile, na nikamwomba samahani.

Alinitazama kwa muda. Akasema: "Nilikuona. Nilisema ndani yangu, huyu ni mwenzangu, huyu ataniita. Nikakungoja."

Sikuwa na la kujibu. Nikamweleza kwamba niliogopa kumwaibisha. Akasema: "Dada, haya nilikuwa nayo tayari. Ile mama alishanitukana, watu walishacheka. Kilichonikosa kilikuwa benchi."

Kisha akanieleza namna walivyokimbia kutoka upande wa Kamanyola. Mtu mnene anakimbiaje? Hilo sijawahi kulisema kwenye habari yoyote, na nimesoma habari nyingi za watu waliokimbia. Watoto wake walitembea mbele, wakasimama kumngoja, wakatembea tena, wakasimama tena. Watu wote wa kijiji wakawapita. Mapaja yalichubuka mpaka damu, akachana kikwembe kimoja akajifunga. Aliwaambia watoto wamwache, wakakataa. Pikipiki zilipita na watu wawili, watatu na magodoro juu. Hakuna iliyosimama. "Nilifika Sange wa mwisho," akasema, "na nilipofika, wakaniuliza kama kweli nimekimbia, kwa sababu mwili wangu haufanani na mtu aliyekimbia."

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo, wapendwa, kwa sababu wengi wetu tunafikiri kama yule mwanamke wa mstarini: mnene ameshiba. Si kweli. Muuguzi mmoja alinieleza vizuri. Mwili unaweza kuwa na mafuta mengi na wakati uleule ukakosa damu, ukakosa vitamini, ukakosa chakula cha leo. Familia ikikosa pesa, inabaki na kile cha bei ndogo kinachojaza tumbo: bugali wa mihogo, mawese, chai ya sukari. Samaki, maharagwe, mayai na matunda vinatoka kwanza. Chakula cha namna hiyo kinaweza kumkondesha mmoja na kumnenepesha mwingine ndani ya nyumba moja, kwa sababu miili tuliyorithi kwa wazazi si sawa. Kukosa usingizi na kuishi na wasiwasi pia vinachangia. Hata mtoto aliyekosa chakula akiwa mdogo anaweza kuwa na hatari zaidi ya kunenepa vibaya akikua. Na mtu mnene asipokula siku mbili, njaa inamuuma kama inavyokuuma wewe. Akiwa na sukari na anameza dawa zake, kukaa bila chakula kunaweza kumwangusha kabisa.

Kuna mkanda wa rangi wanaotumia kupima mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, mkono ukiwa chini ya sentimita 11 na nusu ni rangi nyekundu, ni hatari, anahitaji matibabu haraka. Ule mkanda ni kitu kizuri, umeokoa watoto wengi wa huku kwetu. Lakini sisi watu wazima tumejitengenezea mkanda wetu wa macho, na tunapima wenzetu kila siku ndani ya mstari: huyu amekonda, anastahili, huyu ni mnene, ni mwongo. Mkanda wa macho hauna sentimita, na hakuna aliyetupa ruhusa ya kuutumia.

Na kwa nini kiti? Kwa sababu ya magoti, zaidi ya yote. Wataalamu waliopima watu wenye uzito mkubwa na magoti mabovu walikuta kwamba kila kilo 1 ya mwili inaongeza karibu kilo 4 juu ya goti kwa kila hatua. Fanyeni hesabu wenyewe kwa mtu aliyetembea kutoka Kamanyola. Kisha akisimama bila kusogea, maji ya mwili yanateremka miguuni, miguu inavimba. Ukimwona mtu mnene anahamisha uzito mguu huu, kisha mguu ule, kisha huu tena, usifikiri hana subira. Anabadilisha goti la kuumia.

Sange, sisi si wageni wa jambo hili la mwili unaotazamwa. Usiku wa 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa katikati yetu likawaka moto, na watu zaidi ya 230 walikufa. Waliopona na makovu tuliishi nao na tunaishi nao. Mwanzoni tuliwatazama sana, tuliwauliza sana. Kwenye kanisa ninakosali nilimwona mmoja wao akiingia, na mzee mmoja akasogea kwenye benchi bila kugeuka, bila neno, akapiga mbao kwa kiganja mara mbili. Yule akakaa. Basi. Nafikiri yule mzee alijua jibu la ulizo la kijana wetu miaka mingi kabla yangu.

Kwa hiyo, kijana wangu wa parkingi, hili ndilo jibu ninalokudai.

Mpatie kiti. Usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Lakini mpatie kama unavyompatia mgeni nyumbani kwenu. Kwetu mgeni akiingia, kiti kinakuja kwanza, habari zinafuata. Hatumuulizi kama amechoka, kama ni mgonjwa, kama ana mimba. Tunasema "karibu kiti", kwa mnene na kwa mwembamba, kwa tajiri na kwa mwenye deni. Maneno ni hayo tu: "Mama, kuna nafasi hapa." "Papa, karibu." Usiongeze "kwa sababu". Sababu ndiyo inayochoma.

Sema kwa sauti ya watu wawili, usiseme kwa sauti ya parkingi. Kama ni lazima alipe viti viwili, mwambie kando, kabla hajaingia, na akishalipa viwili, viwili ni vyake mpaka Uvira.

Akikataa, usimlazimishe na usikasirike. Labda anashuka karibu. Labda kiti chako hakimtoshi na anaona haya kukuambia. Kiache kiti karibu naye, endelea na kazi yako. Anaweza kukaa watu wakiacha kutazama.

Ninyi mnaopanga viti kwenye vilio, harusi na makanisa: wekeni benchi moja ya mbao ngumu, ama viti visivyo na mikono, kando ya mlango ama pembeni, si mbele kabisa ambako kila mtu anatazama. Kiti cha plastiki kinachotikisika si heshima kwa mtu wa kilo mia.

Ninyi wa kamati zinazoandika majina: mstari wa wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu ni mzuri, uendelee. Lakini ongezeni benchi kwa yeyote aliyechoka, na mtu akikaa asipoteze nafasi yake. Kijiwe chenye namba, kipande cha karatasi, hata jina la aliye mbele yako linatosha kushika nafasi. Nilikwenda kumwambia mkubwa wa ile kamati habari ya yule mama. Alisikiliza. Siku iliyofuata ya kuandika, jina lake liliingia, na niliona benchi tatu kando ya mstari, na watu wa kila namna wamekaa: mwanamke anayenyonyesha, mzee, kijana mwenye homa, na mama wa kikwembe cha buluu. Ukipita huwezi kusema nani amekaa kwa sababu gani. Ndivyo inavyotakiwa.

Mwisho ni neno kwetu sisi wanene. Tumejifunza kucheka kabla wengine hawajacheka, na kusema "niko sawa" wakati hatuko sawa. Tukipewa kiti, hata kikija na maneno mabaya, tunaweza kuchukua kiti na kuyaacha maneno. Na tunaweza kukiomba. "Mwanangu, nisaidie nikae" si aibu. Mimi ningekaa siku ile, yule mama angekaa kando yangu. Benchi ya darasa inatosha wanawake wawili wakubwa, nimeshaijaribu. Tena tusikose kwenda kupimwa presha na sukari kwa sababu ya kuogopa mzani na macho ya watu. Mimi niliogopa muda mrefu. Sasa ninakwenda kila mwezi, natembea jioni kidogo kidogo, na nimepunguza sukari ya chai. Kilo zinashuka taratibu sana, na mwezi mwingine zinarudi. Sitawadanganya.

Yule kijana wa miaka 16 nilikutana naye tena barabarani. Aliniita kwa mbali: "Mama redio!" Nikasimama, nikamwambia: "Mwanangu, siku ile uliniletea benchi. Asante. Siku nyingine ilete bila kelele, nitakaa." Aliinamisha kichwa, akacheka kidogo, akasema: "Haina shida, mama." Kisha akaniuliza kama kweli tunaweza kupitisha salamu zake kwenye redio. Nilimwahidi, na leo asubuhi zimepita.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Sange. Kaeni salama.